Ndoa ya Chumba cha Kinoo

Bi Rumaisa aliiweka simu juu ya meza, kisha akaisukuma kwa ncha ya kidole hadi mbele ya Maalim Sharif.

"Tazama mwenyewe, Maalim. Mimi nimeshatazama vya kutosha."

Maalim alipapasa mfuko wa kanzu akitafuta miwani. Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mafuta mazuri, katikati ya jiji la Nairobi, na dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Kutoka chini zilisikika sauti za wachuuzi wa soksi na mikanda. Hakuna aliyeinuka kufunga dirisha.

Nadira aliketi karibu na mlango, mikono ndani ya buibui. Nafasi hiyo aliichagua kwa sababu ya wazi: kutoka hapo hakulazimika kumtazama Aqil, aliyekaa upande wa pili chini ya rafu ya vitabu, magoti pamoja, kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Kati yao alikaa Fahim, kaka yake Nadira, mtu ambaye hata matangani hakosi la kuchekesha. Leo alikuwa amekosa.

Simu ikaanza kucheka. Ni vicheko vya wanaume kwanza, kisha sauti ya Fahim mwenyewe: "Haya, nyamazeni! Bibi harusi anatazama! Nadira, upo radhi nikuoze kwa huyu bwana?"

Nadira alifumba macho. Jibu alilijua, lakini kulisikia mbele ya mama yake, Bi Rumaisa, kulikuwa jambo jingine.

"Ndiyo," simu ilisema kwa sauti yake.

Ukweli wa mambo ulikuwa rahisi kueleza, na ndiyo maana ulikuwa mgumu kuvumilia. Aqil alitoka Malindi akitaka kuwa mwigizaji. Alikuwa amepata nafasi ndogo katika tamthilia ya televisheni iliyokuwa ikirekodiwa kwenye jumba moja la Kitisuru. Gari la waigizaji lilipita barabara ya Waiyaki Way alfajiri wala halikumngoja mtu. Yeye wakati huo alikuwa akilala katika stoo ya mavazi ya ukumbi wa michezo mjini, baina ya majoho ya wafalme na sare za askari, kwa hisani ya Guyo, mlinzi wa geti. Akatafuta chumba upande huo. Kangemi alikuta kimechukuliwa. Uthiru mwenye nyumba alimcheka. Kitisuru palikuwa na kibanda cha mtumishi nyuma ya nyumba kubwa, lakini wenyewe walitaka barua ya mwajiri. Kinoo kilikuwepo chumba kizuri, cha bei anayoiweza, na mwenye ploti hiyo ya vyumba vya kupanga, Mama Nyokabi, alimpokea mlangoni na maswali.

"Wewe ni bachela?"

"Kwa sasa, ndiyo."

"Mimi bachela sichukui. Bachela analeta watu, analeta kelele, maji inaisha. Na kazi yako ni gani?"

"Mwigizaji."

"Hiyo ni kazi ama ni mchezo?"

Hapo ndipo Aqil alipotamka neno lililowaleta wote kwa Maalim. Alisema anaoa mwezi huo huo.

"Basi nionyeshe harusi," alisema Mama Nyokabi. "Hata kama ni kwa simu. Siku hizi wanakuja wawili wanasema ni bwana na bibi, kumbe ni ya wikendi tu. Mimi ni mzee wa kanisa, sitaki hiyo aibu kwa ploti yangu."

Aqil akaenda Hurlingham, kwenye duka la dawa ambako Nadira alikuwa karani. Alikuwa akipita pale mara kwa mara kabla ya kwenda kujaribiwa uigizaji, na Nadira, dukani pasipo mteja, humshikia maneno kwa kumsomea nafasi za wengine. Alikuwa amesoma nafasi za mama wakwe, mapolisi na wake walioachwa, zote kwa sauti ile ile anayosomea maandishi ya chupa: kijiko kimoja, mara tatu, baada ya kula. Safari hii Aqil hakuwa na karatasi.

"Nadira, nisaidie jambo. La kipuuzi. Uwe bibi harusi wangu, dakika mbili tu, nimwonyeshe mama mmoja Kinoo."

Nadira alimjibu "sawa" kabla hajamaliza sentensi. Hilo hakuwa amemwambia mtu.

Wakaenda ukumbini, katika stoo ile ya mavazi. Fahim akaja kwa furaha ya mtu aliyealikwa kwenye mzaha mzuri. Guyo na Noor, fundi wa taa, wakavalishwa kofia, na Wambua wa jukwaani akashika simu. Mama Nyokabi alipoiona ile harusi alifurahi hata akaituma kwa wapangaji wake wote wawakaribishe wageni. Mpangaji mmoja aitwaye Stacy akaipenda, akaipeleka mbele. Ikasafiri mpaka Mombasa, nyumbani kwa Bi Zena, ambaye posa ya mwanawe, kijana mwenye nyumba yake Hurlingham, ilikuwa kwa Bi Rumaisa ikingoja jibu.

Bi Zena alipiga simu asubuhi. "Hongera, Rumaisa," alisema. "Kumbe posa yetu mmeikalia, huku mnaoza kwengine."

Sasa Maalim Sharif aliitazama video mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Kisha akavua miwani.

"Fahim. Baba yako marehemu. Babu yako?"

"Naye alitangulia, Maalim."

"Basi walii wa dada yako ni nani?"

Fahim alimeza mate. "Ni mimi. Lakini ilikuwa jokes tu, Maalim. Tulikuwa tunamtafutia jamaa keja."

"Mnamtafutia nini?"

"Nyumba, Maalim."

"Mashahidi ni hawa wawili wenye kofia?"

"Guyo na Noor."

"Na yule Wambua?" Bi Rumaisa aliuliza upesi, kwa matumaini. "Wambua si Muislamu."

"Wambua ndiye aliyeshika simu, mama."

"Na huyo Guyo? Ni wetu kweli?"

"Ndiye anayeniamsha kuswali alfajiri," alisema Aqil. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie, na alilisema macho yakiwa kwenye zulia.

Maalim aliiweka miwani juu ya meza. "Kuna mambo ambayo mtu akiyafanya kwa mzaha yameshakuwa. Ndoa ni mojawapo. Talaka vilevile. Hili mlifundishwa chuoni mkiwa wadogo. Wewe Fahim nilikufundisha mwenyewe, na nikakuchapa kwa kutosikiliza. Naona sikukuchapa sawasawa."

"Mimi nilidhani, kwa kuwa hatukunuia..."

"Walii ametamka, mume amekubali, mashahidi wamesikia, binti ameridhia. Mlichokosa ni biriani, na biriani si sharti."

Bi Rumaisa aliutandaza mtandio wake usoni, akaushusha tena. Alikuwa mwanamke ambaye wenziwe mtaani humjia kuuliza namna ya kupokea wakwe, sahani zipi zitolewe, nani atangulie kukaa. "Mwanangu ameolewa stoo," alisema polepole, kama anayejifunza maneno hayo. "Ameolewa stoo, na habari nimeletewa na mama wa mchumba."

Akaiwasha video tena, kisha akaisimamisha kwa hasira.

"Basi amwache," alisema. "Hapa hapa. Sasa hivi. Nimpigie Bi Zena nimwambie ulikuwa mchezo, na mchezo umekwisha."

Maalim alimgeukia Nadira, na sauti yake ikashuka. "Nisamehe kwa swali hili, mwanangu. Mmewahi kukaa faragha?"

Damu ilimpanda Nadira hadi masikioni. Aliona mguu wa Aqil ukirudi nyuma chini ya kiti. "Hapana, Maalim. Baada ya pale nilirudi kazini."

"Basi hakuna eda. Akitamka mara moja, limekwisha. Akikutaka tena aanze upya, kwa posa. Na nusu ya mahari ni haki yako."

"Nusu ya nyumba ya Kitisuru," alinong'ona Fahim.

"Fahim!"

"Si ndiyo tuliyotaja, mama! Nilisema kwa mahari ya nyumba ya Kitisuru, kama ile wanayochezea, naye akakubali. Mmesikia wenyewe."

"Nyumba isiyojulikana si mahari," alisema Maalim. "Mtarudi kwenye kiasi wanachoolewa nacho wanawake wa ukoo wake. Hilo tutalipima."

"Nitalipa, Maalim," alisema Aqil. "Pole pole, lakini nitalipa."

Bi Rumaisa alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Utalipa na nini? Mtu kazi huna, nyumba huna. Hata hicho chumba umekipata kwa kumtembeza mwanangu simu hadi simu."

"Ni kweli, mama."

"Usiniite mama."

"Ni kweli, Bi Rumaisa."

"Hukumfikiria. Umemkanyaga kama kigoda ili ufikie rafu."

"Ni kweli."

Angalibisha, Nadira angalipata upande wa kusimama. Kule kukubali kila shtaka kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu yote yalikuwa sahihi, na yeye aliyejua kuwa ni sahihi alikuwa bado anataka jambo lile lile alilolitaka siku ile ya ukumbini. Mama yake, katika hasira, alikuwa ameisimamisha ile video mahali pabaya. Pale mezani, kwenye kioo, wanaume wote walikuwa wamefungua vinywa wakicheka, na Nadira peke yake hacheki. Alikuwa akimtazama Aqil. Mtu yeyote mwenye macho angeliona. Alitamani simu ile izime.

"Nadira," alisema Maalim. "Unataka akuache?"

"Anataka," alisema Bi Rumaisa.

"Nimemuuliza yeye."

Nadira alilitazama zulia. Lilikuwa la rangi nyekundu, limechakaa mahali ambapo watoto wa chuo hukaa. Akisema ndiyo, mambo yataisha na atarudi nyumbani mtalaka asiyewahi kukaa na mume. Akisema la, atakuwa ametangaza mbele ya mama, kaka na mwalimu wake kwamba anamtaka mwanamume ambaye hakumposa, hakumwambia neno, wala hakuonyesha dalili. Hakuona jibu ambalo angeweza kutoka nalo mlangoni akiwa ameinua kichwa.

Akanyamaza.

"Kimya si ridhaa, Maalim?" Bi Rumaisa aliuliza. "Hamsemi hivyo nyinyi?"

"Kwa ndoa. Kwa talaka sijapata kusikia."

"Msimtese," alisema Aqil. Alikuwa amesimama. "Kosa ni langu mwanzo mpaka mwisho. Yeye alinifanyia hisani, nami nimemlipa fedheha. Nitamfungua, arudi kwenye mambo yake."

"Ndivyo," alisema Bi Rumaisa. "Hilo moja umesema la kiume."

Aqil alinyoosha shati lake. Kisha akamtazama Nadira, na macho yao yakakutana kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukumbini. Ya Aqil yalikuwa mekundu. Nadira alimwona akivuta pumzi kutoka tumboni, kama afanyavyo kabla ya maneno mazito, na akajua kwa hakika kwamba lile neno limeshafika kooni.

"Nadira binti Hemed," alisema Aqil. "Mimi nime..."

"Usitamke!"

Nadira alikuwa amesimama bila kujua amesimamaje. Pindo la buibui lilikuwa limenasa kwenye mguu wa kiti, na kiti kikaanguka.

"Usilitamke hilo neno."

"Kaa chini, Nadira," alisema mama yake.

"Sikai, mama." Alisema taratibu, kwa kuwa aliyotaka kuyasema hakuyataka yasikike vibaya. "Mimi sijui kuigiza. Muulizeni yeye, anajua. Fahim aliponiuliza niliitikia kwa sababu nilitaka. Wao walikuwa kwenye mchezo. Mimi sikuwemo."

Fahim alishusha kofia yake hadi machoni.

"Ulitaka?" Bi Rumaisa alisema. "Mbele ya mlinzi wa geti?"

"Mbele ya mlinzi wa geti, mama."

"Nawe ulijua nina posa ya watu nyumbani?"

"Nilijua."

Aliinua kiti, akakiweka mahali pake, akabaki ameshika mgongo wake kwa mikono miwili. Uso ulimwaka. Lilikuwa limeshasemwa, na neno likitoka halirudi. Chini barabarani mchuuzi mmoja alikuwa akibishana na mteja juu ya mkanda.

Maalim Sharif alimgeukia Aqil. "Umemsikia. Na wewe, siku ile, ulinuia nini?"

Aqil angaliweza kusema lolote. Ndiyo kazi aliyokuwa akiisomea, na katika chumba kile hakuna ambaye angaliweza kumpinga. Nadira aliliwaza hilo, akaogopa kwamba atasema uongo mtamu, naye atauamini.

"Nilinuia chumba, Maalim."

Fahim alishusha pumzi kwa sauti.

"Nikisema jingine nitakuwa naigiza," alisema Aqil. "Nilinuia chumba tu."

"Umesikia, mwanangu?" Bi Rumaisa hakuwa amekasirika tena. Ilikuwa huruma, nayo ilimchoma Nadira kuliko yote yaliyotangulia. "Wewe ulinuia mume, yeye alinuia chumba."

"Nimesikia, mama." Aliketi. "Ameulizwa, amesema kweli. Mwacheni amalize."

"Nimemaliza," alisema Aqil.

"Ya siku ile umeyamaliza," alisema Maalim. "Nakuuliza ya leo."

"Ya leo sina haki ya kuyasema."

"Sikukuuliza una haki. Nimekuuliza unanuia nini."

Aqil alikaa tena. Alizungumza akiwa ameinama, viganja baina ya magoti. "Nilipopewa ufunguo, nilipita maduka ya dawa ya Kinoo, yote yaliyo kando ya barabara. Nikiuliza kama wanachukua karani mwenye cheti."

"Cheti cha nani?" Fahim aliuliza, kwa mshangao wa kweli.

"Cha Nadira."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Mama Nyokabi alikuwa akiniuliza mke wangu anahamia lini, nikajiambia nipate cha kumjibu. Nilijiambia hivyo. Kwenye duka moja wakaniuliza mke wangu anaitwa nani. Nikalitaja jina lake." Alisita. "Nikajikuta sitaki kutoka mle dukani, wasije wakaacha kuniuliza. Halafu nikaona haya. Nilisimama nje kando ya barabara mpaka uso upoe. Nikaona kwamba nimemfanyia mzaha mtu ambaye sikupaswa kumfanyia mzaha, na kwamba nikija kumwambia sasa, ataona nalipia chumba."

Fahim alimtazama dada yake, dada yake akamtazama Aqil. Aqil alitazama viganja vyake.

"Wanachukua?" Nadira aliuliza.

"Nini?"

"Hilo duka. Wanachukua karani?"

"Mmoja alisema ulete vyeti."

Simu ilianza kulia mezani. Jina la Bi Zena liliwaka kwenye kioo, mahali palipokuwa uso wa Nadira. Wote waliliona. Bi Rumaisa alinyoosha mkono, na Nadira akazuia pumzi. Mama yake akaigeuza simu kifudifudi, ikaendelea kunguruma juu ya mbao mpaka ikachoka.

Bi Rumaisa aliupanga mtandio begani. Aliposema, hakumwelekea mtu.

"Hicho chumba kina dirisha?"

Aqil aliinua kichwa, asiamini kama ameulizwa yeye. "Kinalo, Bi Rumaisa."

"Linatazama nini?"

"Ukuta wa ploti ya pili."

"Maji?"

"Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine tunateka kwenye tangi la Mama Nyokabi."

"Na choo? Kiko ndani?"

Aqil alikuwa na sauti inayofika safu ya mwisho ya ukumbi bila kipaza sauti. Sasa ilifika mezani kwa shida.

"Nje," alisema. "Tunakitumia wapangaji wa milango minne."

Bi Rumaisa alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamemlenga, naye aliyapangusa kwa ncha ya mtandio kabla hayajaanguka, kwa kuwa palikuwa na wanaume.

"Mwanangu hakulelewa na choo cha nje," alisema.

Maalim aliangalia dirishani. Aqil, aliyekubali kila shtaka, hilo nalo alilikubali kwa kuinamisha kichwa.

"Nitazoea, mama," alisema Nadira.